Jinsi ya Kuhakiki Filamu ya Mapenzi ya Ujanani Iliyokugusa na Kukukera kwa Pamoja

Filamu inayosimulia mapenzi ya ujanani kwa jicho la mtu anayeyakumbuka humsumbua mhakiki kwa namna yake. Mtu hutoka ukumbini akiwa ameguswa, pengine machozi yakimlengalenga, na kabla hajakubaliana bei na dereva wa bodaboda ameshaanza kujiuliza kama alichokililia ni filamu yenyewe au ni ujana wake mwenyewe. Asubuhi akiketi kuandika, hushika mojawapo ya njia mbili zilizo rahisi: ama huimwagia filamu sifa na kuinyamazia shaka yake, ama huiponda ili asionekane amedanganyika. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule anayetaka kuzieleza hisia zote mbili, kila moja ikiwa na nguvu zake kamili, badala ya kutoa hukumu vuguvugu ambayo haimsaidii msomaji wala haimtendei haki mwongozaji.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa kanuni za uhakiki zikielezwa hewani hazishikiki. Mfano wenyewe ni Mississippi Masala, filamu ya mwaka 1991 iliyoongozwa na Mira Nair kutokana na mswada wa Sooni Taraporevala. Nimeichagua kwa sababu inatuhusu sisi wa Uganda kuliko filamu nyingi za aina yake. Inaanzia Kampala mwaka 1972, wakati Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka nchini, kisha inarukia mji wa Greenwood katika jimbo la Mississippi, Marekani, mwaka 1990. Huko, Mina, aliyeondoka Kampala akiwa mtoto, sasa ana umri wa miaka 24 na anampenda Demetrius, kijana Mmarekani mweusi mwenye biashara ndogo ya kusafisha mazulia. Baba yake Mina, Jay, ni wakili aliyezaliwa Uganda. Anaishi katika moteli ya jamaa zake huku akiendelea kuidai serikali ya Uganda mali yake iliyochukuliwa. Kwa hiyo ndani ya dakika 118 kuna hadithi mbili zinazovutana: binti anayejifunza kuiacha nyumba ya wazazi wake, na baba asiyeweza kuiacha nyumba ambayo alikwisha kunyang'anywa.

Andika kabla hujasikia la mwenzako

Usiku uleule uliotazama, kabla hujafungua kundi la WhatsApp ambako wenzako wanabishana na kabla hujasoma uhakiki wa mtu mwingine, chukua daftari uandike. Ukurasa wa kushoto uwe wa yaliyokugusa na wa kulia uwe wa yaliyokukera au kukutia shaka. Mbele ya kila jambo andika dakika lilipotokea, na kama ulitazama ukumbini ambako huwezi kusimamisha picha, kadiria tu. Jilazimishe kuandika tukio badala ya hisia tupu. "Imenisikitisha" haitakusaidia wiki ijayo, kwa sababu utakuwa umesahau ni nini hasa kilichokusikitisha. "Nilisikitika Jay alipoondoka Kampala bila kumuaga rafiki yake Okelo" inakupa kitu cha kurudia na kukichunguza.

Ukimaliza, tafuta jambo lililojitokeza kwenye kurasa zote mbili na ulizungushie duara. Hapo ndipo uhakiki wako utakapoanzia. Katika daftari langu jambo hilo lilikuwa Kampala yenyewe: vilima, kijani kibichi baada ya mvua, mwanga wa jioni jinsi ulivyopigwa picha na Ed Lachman. Nilifurahi kuuona mji wangu ukitazamwa kwa upendo kiasi hicho katika filamu ya kimataifa, kwa maana mara nyingi hutazamwa kwa huruma au kwa hofu. Papo hapo niliudhika, kwa kuwa uzuri ule ulikuwa uzuri wa bustani iliyopotea, na bustani iliyopotea kwa kawaida haina wakazi wengine isipokuwa yule anayeililia.

Usipopata jambo hata moja lililo kwenye kurasa zote mbili, huenda huna hisia mchanganyiko hata kidogo. Una filamu yenye sehemu nzuri na sehemu mbaya, jambo ambalo ni la kawaida na linaandikwa kwa njia ya kawaida.

Zima sauti, kisha zima picha

Filamu za mapenzi ya zamani hutegemea sana muziki, na waongozaji wana sababu nzuri ya kuutegemea. Wanasaikolojia wamekwisha kuonyesha kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi na kwa uwazi zaidi mambo ya tangu ujana hadi mwanzo wa utu uzima wao kuliko ya vipindi vingi vingine vya maisha, na nyimbo za kipindi hicho hung'ang'ania vivyo hivyo. Wimbo ukipigwa mahali pake, mtazamaji analia kwa ajili ya kitu ambacho hakimo katika filamu kabisa. Jambo hilo si wizi, ila mhakiki anapaswa kujua anasifu nini.

Kwa hiyo rudia tukio moja lililokugusa ukiwa umezima sauti. Chukua tukio la simu, ambalo wengi walioiona filamu hii hulitaja kwanza: usiku, Mina na Demetrius, kila mmoja kitandani kwake, wanazungumza kwa simu. Ukiondoa sauti, tukio bado limesimama. Unaiona miili ikijibizana ingawa haiko chumba kimoja, unamwona Sarita Choudhury, ambaye hii ndiyo filamu yake ya kwanza, akisikiliza kwa bega na shingo kama wanavyosikiliza kwa sikio watu wengine. Denzel Washington alikuwa ametoka kupata Tuzo ya Oscar mwaka 1990, na bado anakubali kukaa pembeni na kumwachia binti huyu tukio. Hapa unaweza kusifu bila wasiwasi, kwa sababu mapenzi yao yamejengwa na waigizaji wala hayakukopwa kwenye muziki. Kisha fanya hivyo hivyo kwa picha za Kampala ya mwanzoni. Mimi nilipoondoa muziki wa L. Subramaniam, sehemu ya majonzi yangu iliondoka nao. Niliandika hivyo kwenye daftari, upande wa kulia.

Zoezi la pili, la kuzima picha na kusikiliza tu, ni fupi zaidi na si kila filamu inalihitaji. Lifanye kwenye matukio ya ugomvi wa kifamilia. Ukisikia maneno ambayo wazazi wako wewe wangeweza kuyatamka, mswada umefanya kazi yake.

Hamu hiyo ni ya nani?

Hili ndilo swali ambalo wahakiki wengi hulipita, na ndilo litakaloamua kama uhakiki wako una jambo jipya la kusema. Hamu ya siku zilizopita ndani ya filamu ina wenyewe watatu, nao wasichanganywe: mhusika anayetamani ya kale, mwongozaji anayeyapiga picha, na mtazamaji anayeketi gizani akiwa na ya kale yake mwenyewe.

Anza na mhusika. Katika Mississippi Masala anayetamani ni Jay, wala si Mina. Mina aliondoka akiwa mtoto. Uganda kwake ni mambo machache ya utotoni na hadithi za nyumbani. Ndugu wa Demetrius wanapomkaribisha kwao wanamlinganisha na wao: yeye ni Mhindi asiyewahi kufika India, wao ni watu wenye asili ya Afrika wasiowahi kuiona Afrika. Anacheka, na kicheko chake kina unafuu wa mtu ambaye hadaiwi chochote na yaliyopita. Kumbe basi mapenzi ya filamu hii yanatazama mbele na hamu yake inatazama nyuma, na mhakiki anayeandika tu kwamba "filamu imejaa hamu ya zamani" amewafanya baba na binti kuwa mtu mmoja.

Nenda kwa mwongozaji. Nair alizaliwa India mwaka 1957 na hakuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Alikuja kufanya utafiti wa filamu hii, na katika kazi hiyo ndipo alipokutana na msomi Mahmood Mamdani, ambaye baadaye walioana na ambaye yeye mwenyewe alifukuzwa mwaka 1972. Hamu iliyomo katika filamu ni ya kusimuliwa, na mwongozaji ameipokea kwa heshima bila kuiamini yote. Ushahidi uko wazi kwa anayetaka kuuona. Demetrius anamkabili Jay na kumwambia kwamba ngozi yake na ya bintiye haziko mbali na ya kwake, na kwamba watu wake wakifika Marekani hujifanya kana kwamba hawalijui hilo. Jay aliyeonewa Kampala kwa ajili ya rangi yake anasimama sasa upande wa wanaokataza. Anayeishutumu filamu kwamba inaililia Kampala ya kikoloni bila kuihoji hakuitazama hadi mwisho.

Ukishaitendea filamu haki hiyo, una ruhusa ya kuibana. Kipimo ninachokitumia ni rahisi: kwa kila mhusika mwenye jina, andika sentensi moja inayoanza na "anataka". Jay anataka nyumba yake. Kinnu, mkewe, anayeendesha duka la pombe ili familia ipate kula, anataka mumewe arudi kutoka 1972. Demetrius anataka biashara yake isimame na mkopo wa benki ulipike. Mina anataka kutoka. Kisha andika ya Okelo, rafiki wa Jay tangu utotoni, aliyemtoa mahabusu baada ya Jay kumsema Amin kwenye redio, na aliyemwambia kwamba Afrika ni ya Waafrika, Waafrika weusi, maneno ambayo Jay aliyabeba moyoni miaka yote kana kwamba ni usaliti. Okelo anataka nini? Nilikaa na kalamu mkononi, na nilichoweza kuandika ni kwamba anataka Jay awe salama. Hatujui alilala wapi baada ya basi la Jay kuondoka, alikuwa na mke gani, aliogopa nini katika mji ambao askari walikuwa wakichukua watu usiku. Jay anaporudi Kampala anaambiwa kwamba Okelo alikwisha kufa zamani, na kifo hicho kinatumika kumfunza Jay jambo fulani kuhusu yeye mwenyewe.

Hapo ndipo kero yangu ilipopata jina. Waswahili husema ya kale dhahabu, na filamu za aina hii huishi kwa msemo huo, lakini dhahabu ina mchimbaji, na mara nyingi mchimbaji huonekana kwa dakika tatu akifungua geti. Okelo anapata zaidi ya dakika tatu. Ana utu, ana heshima, na mwigizaji wake, Konga Mbandu, anamfanya mtu wa kumkumbuka. Ndiyo sababu kukosekana kwa matakwa yake kunauma. Angekuwa mhusika wa karatasi nisingemtafuta.

Mwisho ni wewe mtazamaji. Andika kwa uwazi mahali unapojiona mwenyewe ndani ya filamu, hata kama uhakiki utakaochapishwa hautakuwa na neno hilo. Wako wazee wa Kampala ambao hamu yao ya sinema haitenganishwi na majumba yenyewe, kama ile Norman Cinema, ambayo baadaye iligeuzwa kuwa kanisa, lile linaloitwa Watoto siku hizi. Mzee aliyemchumbia mkewe katika viti vile hawezi kuhakiki filamu ya mapenzi ya miaka ya sitini bila kuihakiki harusi yake. Hakuna ubaya, ila msomaji wake aambiwe. Kwangu mimi hatari ilikuwa kwenye picha za Kampala ya karibu na 1990 ambazo Jay anazipita aliporudi: mji unaojikwangua kutoka kwenye vita, maduka yenye rangi iliyobabuka. Nilizipenda kwa sababu ambazo Nair hakuzitia.

Muulize aliyekuwepo

Filamu ikigusa historia ya kweli, usitegemee vitabu peke yake. Katika nchi yetu wapo bado watu waliokuwa watu wazima mwaka 1972, nao hawatakuwapo daima. Lakini namna ya kuuliza ina adabu yake. Usimwendee mzee na swali la hisia, kwa mfano "mlijisikiaje Wahindi walipoondoka?", kwa kuwa utapata jibu ambalo amekwisha kulitoa mara nyingi kwa waandishi waliokutangulia. Uliza jambo dogo lenye mikono na miguu.

Nilizungumza na mzee mmoja wa Jinja ambaye ujanani mwake alikuwa mpima vitambaa katika duka la Mhindi. Nilimuuliza, "Mzee wangu, baada ya mwenye duka kuondoka, siku ya kwanza nani alifungua mlango?"

"Askari, mwanangu," alisema. "Alipewa duka pamoja na sisi ndani yake. Akaniambia nikae, maana yeye alikuwa hajui bei ya kitu chochote. Akiulizwa bei ya shati, anatazama kola, anataja namba ya kola."

"Na wewe ulikaa?"

"Nilikaa mpaka vitambaa vikaisha. Hakuleta vingine. Yeye akawa mafuta mingi, mimi nikaingia magendo." Alicheka, kisha akanyamaza kidogo. "Yule Mhindi alinilipa vibaya, lakini alinilipa kila mwezi. Andika yote mawili."

Mtu aliyeishi Uganda ya miaka ile hahitaji kuelezwa mafuta mingi ni nani: ni wale waliotajirika kwa maduka na mali walizogawiwa. Kwa msomaji wa Mombasa au Dodoma sentensi moja ya maelezo inatosha. Nilichokipata kwa mzee huyu ni kile ambacho filamu haikunipa, yaani mtu wa upande wa Okelo aliyekuwa na hesabu zake mwenyewe, asiyemchukia aliyeondoka wala kumlilia. Sikuyatia maneno yake yote katika uhakiki, kwa sababu uhakiki ni wa filamu. Nilitia mawili matatu, na yalinisaidia kujua kwamba kero yangu juu ya Okelo haikuwa ubishi wa mtu anayetafuta kosa.

Jihadhari na dozi ya historia. Inatosha kumwambia msomaji kwamba amri ilitolewa Agosti 1972, kwamba muda uliisha Novemba, kwamba zaidi ya watu 27,000 walipokelewa Uingereza na wengine wakaenda Kanada, India na kwingineko, na kwamba katika miaka ya 1990 serikali ya Uganda ilirudisha mali nyingi kwa wenyewe, jambo linalompa Jay na kesi yake uzito wa kweli. Ukizidisha hapo, unaandika makala nyingine.

Itazame pamoja na wanaocheka

Kuna shule moja ya uhakiki ambayo Kampala inayo na miji mingi ya ulimwengu haina, nayo ni vibanda vya video. Huko filamu hutafsiriwa kwa Kiganda na VJ anayezungumza juu ya sauti za waigizaji, akieleza, akitania, akiwapa wahusika majina ya mtaani, na akina VJ Jingo na VJ Junior wamepata umaarufu unaolingana na wa wanamuziki. Wasomi wengi huvidharau vibanda hivi. Nadhani wanakosea, hasa linapokuja suala la filamu za mapenzi.

Ingia katika kibanda siku ambayo filamu ya mapenzi ya ujanani inaonyeshwa, yoyote ile, ukae nyuma na usitazame skrini peke yake. Tazama na mabega ya watu. VJ anayejua kazi yake husikia papo hapo mahali ambapo filamu inaomba machozi ambayo haijayalipia, naye hapo hutia mzaha, na kibanda kizima hucheka. Mahali ambapo mapenzi yamejengwa vizuri hupunguza maneno, kwa sababu anajua kwamba akisema sana wateja watamzomea. Nimeona vijana waliokuwa wakipiga miluzi dakika iliyotangulia wakitulia tuli msichana alipofunga mlango wa chumba chake bila kujibu swali la mama yake. Hakuna aliyewaambia watulie.

Huna haja ya kwenda kibandani kwa kila filamu. Lakini mtazame mhusika unayemhakiki kwa sikio la VJ: hapa angetania au angenyamaza? Katika Mississippi Masala nadhani angetania sana kwenye shangazi na majirani wa Greenwood wanaopigiana simu kusambaza habari, kwa kuwa umbea ule unafahamika kutoka Arua hadi Kabale, na angenyamaza kwenye tukio la simu. Kwenye tukio la Kinnu kuteremshwa basini na askari, sijui angefanya nini, na kutojua huko kulinirudisha kulitazama mara ya pili.

Kuandika kwenyewe

Sasa una daftari lililojaa. Kosa linalonyemelea hapa ni la mpangilio: aya tatu za sifa, kisha aya tatu za lawama, kisha aya ya kupatanisha. Msomaji huamini kile anachokisoma mwisho, kwa hiyo mpangilio huo hufuta sifa zako zote bila wewe kukusudia, na ukiugeuza hufuta lawama. Badala yake, chagua yale uliyoyazungushia duara, mawili au matatu, na kila moja liandikie aya ambamo mguso na kero vinatoka katika chanzo kimoja. Tazama sentensi hii, ambayo nimeisoma kwa sura nyingi katika magazeti na mitandao: "Filamu hii ni nzuri sana ingawa ina kasoro kadhaa." Haina tukio, haina dakika, na ingeweza kuandikwa na mtu aliyeona bango tu. Linganisha na hii: "Nair anaipiga picha Kampala kwa upendo mkubwa kiasi kwamba kwa dakika kadhaa nilisahau kumtafuta Okelo ndani yake, na nilipomkumbuka, upendo uleule ukaanza kunisumbua." Sentensi ya pili ni ndefu, wahariri wengine wataitaka ikatwe, nami nakushauri uitetee. Imebeba hisia mbili na sababu moja, nayo haimwombi msomaji achague upande.

Nyakati za vitenzi zikusaidie. Yanayotokea ndani ya filamu yaandike kwa wakati uliopo: Mina anagonga gari la Demetrius kwa nyuma, Jay anaandika barua, Kinnu anafunga duka. Yaliyokupata wewe ukitazama yaandike kwa wakati uliopita. Ukidumisha tofauti hii, msomaji atajua daima kama anasoma kuhusu filamu au kuhusu wewe, na hutahitaji kurudiarudia "kwa maoni yangu", ambayo humchosha.

Mwisho wa filamu una ugumu wake. Filamu ya hamu ya zamani huhukumiwa zaidi kwa mwisho wake kuliko filamu za aina nyingine, kwa sababu hapo ndipo inapoamua kama yaliyopita yaachwe au yakumbatiwe. Kwa filamu mpya, eleza uamuzi huo bila kusimulia tukio: sema kama filamu inamwacha mhusika wake arudi, au inamwonyesha kwamba hakuna pa kurudi. Kwa filamu yenye umri wa miaka zaidi ya 30 unaweza kusimulia zaidi, mradi umwonye msomaji mapema. Mimi husimulia kwamba Jay anapofika Kampala, mtoto mdogo sokoni anamgusa uso, na kwamba hapo filamu inanipata tena baada ya kunikosa kwa robo saa. Nasema pia kwamba mtoto huyo, kama Okelo, hapewi neno la kusema.

Mhariri akidai nyota au alama, mpe, kisha usiitumie alama hiyo kama hoja ndani ya maandishi. Urefu wa maneno 600 hadi 900 unatosha kwa gazeti. Ukizidi hapo hakikisha una tukio la tatu lenye duara, la sivyo unajirudia.

Kabla ya kutuma, mpe rasimu mtu ambaye hajaiona filamu, umuulize maswali mawili: je, angependa kuitazama, na akiitazama, ataangalia nini kwa makini zaidi? Akijibu la kwanza tu, upande wa kulia wa daftari lako haujaingia katika maandishi, hivyo urudie dakika zake na uchague tukio moja la kuongeza. Akijibu la pili tu, na kwa sura ya mtu aliyeonywa juu ya nyoka, umeisahau simu ya usiku. Irudishe, karibu na mwanzo, kabla ya Okelo.